Hatauza au Atauza: Namna ya Kuchagua Programu ya Kuandika kwa Sauti

Mwaka jana nililipia kwa mkupuo huduma ya mwaka mzima ya programu ya kuandika kwa sauti, ya aina ile inayopeleka maneno kwenye seva za mbali na kurudisha maandishi, na kazi ya kwanza ya maana niliyoipa ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo wetu kuhusu shamba la minazi la marehemu babu, huko Pangani. Nilipousoma muhtasari mbele ya wazee kabla haujatiwa saini, shangazi alinyoosha mkono akasema, "Mwanangu, hebu rudia hapo." Nikarudia. Maandishi yalisema kwamba kaka mkubwa, ambaye hakuweza kusafiri, atauza sehemu yake. Mjomba, aliyekuja na ujumbe wake, alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba hatauza. Nilitaka kuisikiliza sauti yenyewe, nikakuta haipo, kwa kuwa huduma ile haikuwa ikimwachia mteja sauti yoyote baada ya kumpa maandishi. Niliandika muhtasari upya kwa kalamu, wazee wakiwa wamekaa wananisubiri.

Tangu siku hiyo sipimi programu ya aina hii kwa kitu kingine kabla ya herufi h. Katika Kiswahili, ukanushi wa nafsi ya tatu umoja katika wakati ujao, na hata katika neno ana, umetundikwa kwenye pumzi moja tu: atalipa na hatalipa, atafika na hatafika, ana deni na hana deni. Sitauza ina s inayosikika hata chumba kikiwa na kelele, na hawatauza ina silabi nzima ya kuilinda, lakini hatauza ikipoteza h inabaki sentensi sanifu kabisa yenye maana iliyo kinyume, kwa hiyo hakuna kisahihishi cha tahajia wala cha sarufi kitakachoigundua. Sauti ya h ni hewa inayopita kooni bila kishindo, inafanana mno na mvumo wa feni, na programu inayojitahidi kuondoa kelele inaweza kuiondoa pamoja na feni. Isitoshe, wasemaji wengi huidondosha h wenyewe wakasema "ajui" na "atuendi", nasi tunaelewana kwa sababu tunaijua habari inayozungumzwa. Mashine haiijui.

Kwa hiyo sitajadili hapa kasi, wala mwonekano wa programu, wala idadi ya vifaa inavyokubali. Wauzaji wamekwisha kuyaeleza hayo kwa kirefu. Ninachouliza ni maswali mawili yanayotoka kwenye tatizo hilohilo: je, programu inaisikia h, na ikikosea, je, ninabaki na sauti ya kumrudishia shangazi aisikilize?

Swali la pili ndilo lililonifanya nielemee upande wa programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, na katika hizo naipendelea Buzz waziwazi. Buzz hupatikana bure na huendeshwa kwa Whisper, modeli ya kompyuta ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo kampuni ya OpenAI iliiachia umma mnamo Septemba 2022 kwa leseni huria ya MIT, inayomruhusu yeyote kuitumia. Unarekodi kikao kwa kifaa chochote, unaiingiza faili, na maandishi yanatoka yakiwa yamegawanywa kwa dakika na sekunde, kiasi kwamba ukilitilia shaka neno unaweza kuirudia sehemu ileile na kuisikiliza. Siwezi kudai kwamba inaisikia h kila mara. Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini zilizohusu lugha 96 zisizo Kiingereza zilikuwa kama 117,000 tu, na Kiswahili kilipata sehemu ndogo ya hizo. Tofauti ni kwamba kosa lake ninaweza kulithibitisha na kulisahihisha, na ninapotaka kuboresha matokeo, Buzz inaniruhusu kupakia modeli za Whisper ambazo watu wengine wamezinoa zaidi kwa sauti za Kiswahili, zikiwamo sauti ambazo watu wamejitolea kuzirekodi katika mradi wa Common Voice wa Mozilla.

Kuna mambo ya kuzingatia kabla ya kuitegemea. Chagua mwenyewe lugha ya Kiswahili badala ya kuiachia programu ibahatishe, na uhakikishe umechagua kazi ya kunakili, si ya kutafsiri, maana ukikosea hapo utaletewa Kiingereza. Kata sehemu ndefu za ukimya kabla ya kuingiza faili, kwa sababu Whisper inafahamika kwa kujaza ukimya na maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Utafiti uliowasilishwa mwaka 2024, uliotumia mazungumzo ya Kiingereza, ulikuta sentensi au mafungu ya maneno ya kubuniwa katika takriban asilimia 1 ya vipande vilivyopimwa. Kwa muhtasari wa mirathi, hiyo si asilimia ya kupuuzwa, na ndiyo maana narudia kwamba sauti lazima ibaki mikononi mwako.

Usidanganyike kwamba bure hapa maana yake ni kutolipa chochote, kwa kuwa malipo yake yamo kwenye kompyuta. Faili ya modeli ndogo inayoitwa base ina MB 142 na ya small MB 466, na zote mbili, kwa masikio yangu, hazifai Kiswahili cha kikao ambacho watu wanakatizana. Ile ya medium ni GB 1.5, na large inakaribia GB 3, nayo inahitaji zaidi ya hapo katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, wakati wa kazi. Kwenye kompyuta yangu isiyo na kadi ya michoro, kikao cha saa moja nakiacha usiku nikiamka nakikuta tayari. Kama unanunua kompyuta mpakato kwa ajili ya kazi hii, weka fedha zako kwenye RAM ya GB 16 kabla ya kufikiria ukubwa wa kioo, na mkatalie muuzaji anayekwambia kuwa GB 4 "inatosha kwa ofisi".

Nafasi ya pili naipa huduma ya kuandika kwa sauti iliyomo ndani ya Google Docs, kwa mtu anayetunga barua au makala yake mwenyewe na ambaye macho yake yako kwenye kioo anapozungumza. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi wake wa sauti mwaka 2017, na unaweza kuchagua cha Tanzania au cha Kenya, uchaguzi ambao watu wengi hawaufanyi ingawa uko mbele yao. Haikuachii rekodi, lakini anayejiandikia mwenyewe anaweza kuikwepa hatari ya h kwa kusema "amekataa kuuza" badala ya "hatauza", jambo ambalo huwezi kuwaamuru wazee kikaoni. Inahitaji mtandao wakati wote. Aliyekuwa na kazi ya haraka tarehe 12 Mei 2024, siku ambayo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani, anajua hilo lina uzito gani.

Ofisi yenye mtaalamu wake wa programu inaweza kuifikiria huduma ya sauti ya Microsoft Azure, inayotambua Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania na kutoza kwa muda wa sauti, ikiwa tu ofisi hiyo itahifadhi rekodi zake yenyewe. Katibu anayetuma maneno ya watu wengine nje ya nchi asome kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, au ile ya Kenya ya mwaka 2019, maana zote mbili zinagusa usafirishaji wa taarifa kuvuka mipaka. Dragon Professional, inayosifiwa sana na wanasheria na madaktari wa Marekani na kuuzwa kwa mamia ya dola, haina Kiswahili, kwa hiyo haina nafasi katika orodha hii. Kibodi ya Gboard ya Google kwenye simu, yenye kitufe cha kuandika kwa sauti, inatosha kwa ujumbe mfupi.

Sasa niwaseme wauzaji. Huduma niliyoilipia ilijinadi kwa "lugha zaidi ya 90", na Kiswahili kilikuwa miongoni mwao kwa bendera ndogo tu, bila kuelezwa kimepimwa wapi wala kwa masikio ya nani. Bei ilitangazwa kwa dola kwa mwezi, lakini kumbe mwezi huo ulihesabiwa kwa kulipia mwaka mzima, na kodi ikajitokeza kwenye ukurasa wa mwisho. Nilipoandika kueleza habari ya hatauza, nilijibiwa kwa Kiingereza kwamba Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zao na kwamba fedha hazirudishwi. Yapo pia maduka mjini yanayowatoza watu fedha nzito kwa kuwawekea programu zilizojengwa juu ya Whisper ileile ya huria, huku yakiziita uvumbuzi wao. Kumlipa fundi kwa muda wake ni haki yake, lakini mteja anastahili kuambiwa kwamba kitu chenyewe ni cha bure. Kabla hujamlipa yeyote, isomee programu anayoiuza, mbele yake, sentensi sita: hatauza, atauza, hana deni, ana deni, hatafika, atafika, kwa sauti yako ya kawaida, feni ikiwa inazunguka, uone ngapi zitatoka salama.

Kama bajeti yako ni finyu, nunua kwanza maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kwa kuwa h hufifia kwa umbali kuliko sauti nyingi. Kikaoni mimi humbandika anayezungumza, kisha humpa anayemfuata. Iweke kifuani, kiasi cha kiganja kimoja chini ya kidevu na pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi isiipige moja kwa moja, uirekodi kwa faili ya WAV isiyobanwa, na uizime kabisa sehemu ya kuondoa kelele kwenye simu au kinasa chako.