Miezi minane na inveta ya kuchomelea ya ampea 200 kwenye umeme wa nyumbani: uzoefu wangu

Mashine yenyewe sina kinyongo nayo. Ni inveta ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 260,000 pamoja na holda, klampu ya ethi na kioo cha kushika mkononi. Moto wake umetulia, na kwa rodi ya milimita 2.5 kwenye skwea paipu nyembamba naitetea mbele ya fundi yeyote. Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya maneno ya muuzaji: "Hii ni ya nyumbani kaka, chomeka soketi yoyote."

Nikachomeka. Wiki mbili za kwanza nilitengeneza mabanda ya kuku kwa ampea 80, sikuona shida. Kisha likaja geti la jirani, flati baa nene, nikaweka rodi ya 3.2 na kupandisha hadi 110. Baada ya muda ikaja harufu kama ya samaki aliyeanza kuoza. Nikadhani ni jalala la nje. Kumbe ni plagi. Kuigusa haigusiki, kuichomoa imegoma. Ilipotoka, mguu wa laini (ule unaoleta umeme) ulikuwa mweusi, plastiki inayoushika imelainika, na tundu la soketi limeungua kwa ndani. Fyuzi ya plagi ilikuwa nzima. Breka haijaruka.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana vitu viwili nilivyovitegemea vilikaa kimya.

Fundi umeme niliyemwita, mzee mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), alianza kwa kupima. Aliweka klampu mita, kipimo cha ampea kinachobana waya, kwenye waya wa laini nikiwa nachomelea: kwa ampea 80 za rodi, ukutani mashine ilivuta 14; kwa 110 ikavuta 21. "Mwanangu, fyuzi ya 13 haikatiki ikifika 13," akaniambia. Inaweza kubeba 20 kwa nusu saa nzima, na muda wote huo plagi inapikika. Breka ya soketi zangu ni ya 32, kwa hiyo 21 kwake si kitu. Inalinda nyaya za ukutani, plagi haiijui.

Kwa hiyo ukienda dukani usiangalie ile 200 iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hiyo ni ya upande wa rodi. Geuza mashine usome kibandiko, tafuta I1max (ampea nyingi zaidi inazovuta ukutani) na I1eff (ampea za ukutani ukihesabu na muda wa kupumzika). Yangu ni 40 na 24. Namba hizo ndizo zinazohusu nyumba yako, na mashine yenye namba hizo haina kazi kwenye plagi ya 13 ukishapita rodi ya 2.5.

Mzee alinivutia laini ya peke yake kutoka kwenye DB, lile boksi la breka: waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, breka ya 32 aina ya C (ya B inaweza kuruka ovyo mara tu unapowasha inveta), RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30, na soketi ya bluu ya 32 karibu na mlango wa uani. Nililipa 190,000 pamoja na vifaa. Najua inauma, ni karibu robo tatu ya bei ya mashine, lakini jumlisha hizo hela kabla hujanunua.

Kilichonitoa jasho zaidi ni ethi. Alifukua kidogo pale ilipozikwa rodi ya ethi, akakuta waya umekatwa. Ni jembe, bila shaka siku tuliyopanda migomba. Sijui nyumba ilikaa hivyo muda gani. Bodi ya mashine ni ya chuma. Waya mmoja ungegusa bodi hiyo, mimi ndiye ningekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Tafadhali, hata kama hununui mashine, ethi yako ipimwe. Na RCD isikudanganye: upande wa holda haikulindi, kwa sababu umeme wa pale umetenganishwa na wa ukutani. Glavu kavu na viatu vya soli nzima havina mbadala.

Ekstensheni yangu ya zamani, ya waya wa milimita 1.5 za mraba, nimeiacha kwa taa na redio. Ya mashine ni nene, na naikunjua yote hata kama kazi iko mita tatu, maana ikibaki imeviringwa joto halina pa kutokea.

Jioni sichomelei. Mtaani kwetu umeme hushuka, nimeshaona volti 195 kwenye mita, rodi inaanza kunata. Ukiongeza ampea, mashine inavuta zaidi kutoka ukutani. Kazi nzito naifanya asubuhi.

Geti la jirani nililimalizia kwenye soketi mpya. Plagi iliyoungua ninayo bado. Anayekuja kuazima mashine namwonyesha hiyo kwanza.