Ziara ya migodi ya gumegume ya Krzemionki, Polandi: shimo lipi la maji, lipi la mchimbaji?

Kwa mpenzi wa miamba, Krzemionki, karibu na mji wa Ostrowiec Świętokrzyski, ni ziara ya kupewa kipaumbele. Kuanzia takriban mwaka 3900 KK hadi 1600 KK watu walichimba hapa gumegume (jiwe gumu linalopasuka na kuacha makali) lenye milia la kutengenezea mashoka. Maduara yao, yaani mashimo ya kushukia mgodini, yamezidi 4,000, mengine yana kina cha mita 9. Mwanajiolojia Jan Samsonowicz aliyagundua mwaka 1922. UNESCO iliiorodhesha migodi hii kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2019.

Wageni wengi hukimbilia chini. Wasifanye hivyo, maana utamu mwingi uko juu, msituni. Ardhi imejaa vishimo vya mviringo, na kwa kuwa mwamba ni wa chokaa, ni rahisi kuviita vyote dolini, yaani mashimo ya karsti (ardhi ya chokaa iliyoliwa na maji). Dolini hutokea maji yenye tindikali hafifu yanapoyeyusha chokaa na udongo wa juu ukadidimia. Kilichopotea kimekwenda chini, kwa hiyo ukingoni hakuna kifusi. Duara la mgodi lililojifukia huzungukwa na kifusi cha chokaa chenye kona kali, pamoja na vipande vya gumegume lililopasuliwa. Tena maduara hufuata tabaka la gumegume, yakijipanga kama mshipi uliopinda, ilhali dolini hufuata nyufa. Tahadhari: mwanzoni mwa karne ya 20 wachoma chokaa walichukua mawe mengi hapa. Shimo lisilo na kifusi lisipewe jina la dolini kabla ya kukagua limekaa wapi.

Njia ya chini ina urefu wa karibu mita 500. Angalia kuta: ufa uliopanuliwa na maji una kingo laini na mara nyingi umejaa mfinyanzi, palipochimbwa pana alama za mapigo ya zana. Vyumba vya wachimbaji vina kimo cha sentimita 55 hadi 120 tu. Visiitwe mapango. Amboni ya Tanga ndiyo pango hasa: nayo, kama Krzemionki, ni chokaa ya zama za Jurasi (enzi ya dinosaria), ila iliyochongwa na maji.

Kinachotatiza ni vichochoro vya kisasa vinavyounganisha migodi ya kale, kwani macho hushindwa kuvitofautisha. Muulize mwongozaji kila mnapovuka. Bila yeye huingii. Koti ni lazima hata Julai, maana chini ni nyuzi 5 hadi 9.