Malawi kutoka Karonga hadi Nsanje: ziara nzuri yenye kalenda mbaya

Kampuni moja ya utalii ya Mbeya inauza ziara ya gari inayovuka mpaka Kasumulu na kuteremka Malawi yote hadi Nsanje, na kipeperushi chake kinamwahidi ukavu na utulivu wa hali ya hewa kila atakayesafiri kati ya Mei na Oktoba. Ahadi hiyo ndiyo kasoro kubwa ya huduma ambayo kwa mengine inastahili sifa. Ni kweli kwamba Malawi ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Lakini nchi yenye urefu wa kilomita 900 hivi, inayopanda hadi mita 2,600 katika uwanda wa Nyika na kushuka karibu na usawa wa bahari kwenye bonde la Shire, haitoshelezwi na kalenda moja.

Tulisafiri mwanzoni mwa Mei, na Nkhata Bay ilitupokea kwa mvua iliyolowesha mahema usiku kucha. Hakukuwa na ajabu yoyote. Pepo za kusini-mashariki huvuka Ziwa Nyasa zikizoa unyevu, zikakutana na milima ya Viphya na kulazimika kupanda, na ndiyo maana ukanda huo mwembamba hupata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka na mvua yake huchelewa kukatika. Mzimba, iliyo nyuma ya milima hiyohiyo, hupata takriban nusu ya kiasi hicho, kwa kuwa upepo huifikia ukiwa umekwisha kumwaga maji yake. Kampuni iliyofanya safari hiyo mara nyingi ilipaswa kutulaza kwenye nyumba ya wageni, si kwenye hema.

Kusini, kosa lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kupanda Mlima Mulanje ndicho kivutio kinachopandisha bei ya ziara. Kati ya Mei na Agosti hewa baridi na nyevu huingia kutoka upande wa Msumbiji na kuleta chiperoni, yaani ukungu mzito wenye manyunyu ambao huweza kukaa siku kadhaa juu ya Mulanje na Thyolo. Wakulima wa chai huufurahia. Mpanda mlima aliyelipia kukiona kilele cha Sapitwa, chenye mita 3,002, haoni hata mwenzake aliye mbele. Cha kushangaza ni kwamba mwendo wa saa chache tu kwa gari ulitufikisha Chikwawa, ambako jua lilikuwa kali na ardhi imekauka. Bonde hilo la Shire hupata mvua haba kuliko sehemu nyingi za nchi, na joto lake la Oktoba, mwezi ambao kipeperushi kinausifu bila kusita, si la mgeni asiyelizoea.

Gari lilikuwa imara, chambo, samaki wa Ziwa Nyasa, alipatikana akiwa amekaangwa kila tulipoomba, na dereva aliyekuwa pia kiongozi wetu alijua mambo ambayo ofisi yake haiyajui. Ni yeye aliyetueleza kwamba miaka ya El Niño mara nyingi huinyeshea Afrika Mashariki na kuikausha kusini mwa Malawi, akatoa mfano wa msimu wa 2023 na 2024, ambapo Rufiji ilifurika huku Malawi ikitangaza hali ya maafa kwa ukame katika wilaya 23. Alitukumbusha pia kwamba mwaka mmoja kabla ya ukame huo, Machi 2023, kimbunga Freddy kiliporomosha udongo juu ya makazi ya Blantyre na kuua mamia ya watu. Maelezo yake peke yake yalirudisha sehemu ya fedha zetu.

Ningewashauri wanaotaka ziara hii waombe kuondoka mwishoni mwa Agosti, waanzie Mulanje baada ya chiperoni kupungua, wapite bonde la Shire kabla ya joto la Oktoba, kisha warudi kaskazini taratibu kandokando ya ziwa. Blanketi la ziada kwa ajili ya Nyika wabebe wenyewe, kwani yale ya kampuni ni mepesi mno. Tulipoipendekeza ratiba hiyo ofisini, tulijibiwa kwamba inawezekana kwa kundi la kuanzia watu wanne, bila nyongeza ya bei.