Skagway, Alaska: lala huko, usipite tu na meli

Jamani kama unaenda Alaska usiishie kuiona Skagway kwa yale masaa machache ya meli, lala hapo kabisa. Mchana mtaa wa Broadway unajaa watalii mpaka kutembea shida, ila meli zikiondoka jioni mji unabaki na wenyeji na hapo ndo utaufaidi. Huku ndo waliposhukia watu 1897 na 1898 wakikimbilia dhahabu ya Klondike, kule ng'ambo ya mpaka Kanada, na polisi wa Kanada walikuwa hawamruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima, ukijumlisha na vifaa mzigo karibu tani moja, unaubeba mgongoni kidogo kidogo unarudi tena kupanda mlima, yani wale watu waliteseka sana. Treni ya enzi hizo inayopanda njia ya mlimani ya White Pass bado ipo, nauli imechangamka lakini panda tu, kaa kushoto wakati wa kwenda, mabonde yake hayaelezeki. Makumbusho ya hifadhi ya taifa ni bure. Chumba changu kilikuwa kidogo, kuta za mbao unamsikia jirani akikohoa, ila kisafi na mwenyeji mkarimu mno. Kiangazi vyumba vinaisha haraka, weka nafasi mapema, na koti beba hata kama ni Julai, upepo wa huko mkali.