Seva tatu, duka moja la vitenge: uzoefu wangu

Nauza vitenge na madera. Duka lenyewe liko Kariakoo, na tangu 2021 nina la mtandaoni pia, limejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na WooCommerce, nyongeza yake ya duka. Kila wiki kuna mtu ananiuliza tovuti nimeiweka wapi, na jibu refu haliingii kwenye WhatsApp.

Nilianza na seva ya kuchangia, yaani kompyuta moja inayobeba tovuti za watu wengi, Sh 95,000 kwa mwaka. Tangazo lilisema kila kitu hakina kikomo. Mwaka mzima sikuwa na la kulalamika: oda mbili tatu kwa siku, tovuti inafunguka. Kimbembe kilikuja wiki ya mwisho ya Ramadhani. Saa tatu usiku, watu wameshafuturu na simu ziko mkononi, nikarusha picha za mzigo mpya kwenye status. Hazikupita dakika tano wateja wakaanza kunitumia picha ya walichokiona: ukurasa mweupe, kosa namba 508. Kumbe kisicho na kikomo ni diski. Akaunti yangu iliruhusiwa kuhudumia maombi 20 tu ya kufungua ukurasa kwa mpigo, la 21 linarudishwa mlangoni. Ni kama kupanga uswahilini: chumba chako kikubwa, ila choo ni kimoja na foleni ipo.

Lawama nyingine ni yangu. Sikuwa nimeweka kache, kwa hiyo kila mgeni seva ilimpikia ukurasa upya badala ya kumpakulia uliokwisha kupikwa. Hilo nimelijua baadaye sana.

Kwa hasira nikarukia VPS, yaani kipande cha seva kilichotengwa kwa ajili yako peke yako, iliyoko Ujerumani, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2, dola 12 kwa mwezi. Kasi ilikuwa tamu. Lakini VPS ile ni ya kujihudumia: unakabidhiwa mashine tupu yenye Linux, mfumo unaoiendesha, na masasisho, ulinzi na bakapu (nakala za akiba) ni juu yako. Mimi ni muuza nguo, nilimtegemea kijana mmoja anayenisaidia. Jumamosi moja usiku RAM ikajaa, Linux ikaiua MySQL, programu inayotunza hifadhidata ya duka, ili mashine isigande, na duka likabaki linaandika kwamba limeshindwa kuifikia hifadhidata. Kijana yuko kwenye basi la Songea, hapatikani. Nikawaandikia wenye seva. Wakajibu kwa adabu kwamba mashine inawaka, yaliyomo ndani hayawahusu. Na kweli, mkataba ndivyo ulivyosema. Duka lilifungwa mpaka Jumapili mchana kwa tatizo lililoisha kwa amri moja ya kuiwasha MySQL upya.

Halafu ikaja 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikawa ya kubahatisha. Tovuti yangu haikunifungukia kabisa. Ya jirani yangu wa viatu, iliyo kwenye seva ya hapa hapa Dar, ilifunguka, kwa kusuasua lakini ilifunguka. Wateja wangu karibu wote wako Dar, Morogoro na Dodoma. Nikajiuliza, oda ya mtu wa Mbagala inaenda Ulaya kufanya nini?

Sasa niko kwenye VPS ya Dar inayosimamiwa na kampuni yenyewe inayoikodisha, Sh 480,000 kwa mwaka. Ni ghali, nakiri. Ila kabla ya kulipa niliomba mwezi wa majaribio nikawapima: saa nne usiku nikafuta kwa makusudi ukurasa wa madera, nikapiga simu. Dakika 35 ukarudi na picha zake zote, kutoka kwenye bakapu ya usiku uliotangulia. Hapo ndipo nilipotoa hela.

Kama tovuti yako ni kurasa tano za kujitambulisha, seva ya kuchangia inakutosha, usikubali kuuziwa kubwa. Mwenye hoteli Paje anayepokea Wajerumani, seva ya Ulaya ni sawa kabisa. VPS ya kujihudumia mwachie mwenye fundi wa mshahara.

Kinachonikera hapa nilipo ni barua pepe za kuthibitisha oda, bado nyingine zinaangukia kwenye spamu za wateja. Bei ya mwaka wa pili niliidai kwa maandishi, maana wale wa kwanza walinipandishia kutoka 95,000 hadi 210,000 bila hata salamu. Hawa wameandika, tena siku ile ile. Nyota nne, ya tano wataipata barua pepe zikikaa sawa.