Kamusi ya Wasifu ya Australia mtandaoni: inamfaa msomaji wa Tanga?

Mwanafunzi wa chuo cha mifugo Buhuri, mwalimu wa historia, au yeyote hapa Tanga anayefuatilia habari za malisho na ardhi, aiweke karibu Australian Dictionary of Biography. Ni bure. Kurasa zake karibu zote ni maandishi, kwa hiyo bando haliishi upesi. Inatunzwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na juzuu la kwanza la karatasi lilitoka 1966.

Ipime kwa Sir Samuel Wilson, mfugaji mkubwa wa kondoo. Andika jina kamili, kisha hakikisha mwaka wa kuzaliwa, 1832, maana akina Wilson ni wengi mno humo. Ukitafuta kwa kazi usiishie kwenye neno grazier, yaani mfugaji. Jaribu na pastoralist, kwani mfugaji mkubwa anaweza kuwa amewekwa kwenye fungu lolote kati ya hayo mawili.

Maisha yake yamepangwa vizuri: mzaliwa wa Antrim, Ireland, alifika Victoria, koloni la Uingereza huko Australia, 1852, akachimba dhahabu, kisha akaingia kwenye kondoo pamoja na ndugu zake huko Wimmera, magharibi mwa Victoria. Akawa mbunge 1861 hadi 1864, akarudi katika Baraza la Juu 1875 hadi 1881, na akakipa Chuo Kikuu cha Melbourne pauni 30,000 za kujengea ukumbi. Mwishoni alihamia Uingereza, akawa mbunge wa Portsmouth.

Penye utamu ni kwenye maji. Wimmera ni kukavu, na malisho yaliyo mbali na maji hayana faida kwa kondoo. Wilson alitengeneza malambo, na thamani ya ardhi ikapanda. Anayeijua Mkwaja, ranchi iliyofungwa 2000 na sasa imo ndani ya Hifadhi ya Saadani, ataona tofauti mara moja: kule kilichowasumbua ng'ombe ni mbung'o na vichaka. Wimmera haina mbung'o.

Upungufu wa kwanza: makala nyingi hugusia sheria za ardhi bila kuzifafanua. Anza nazo wewe mwenyewe. Sheria ya 1862, ya Charles Gavan Duffy, naye Mwairishi, ilimruhusu mkulima kuchagua ardhi ya serikali hadi ekari 640, yaani kama hekta 259. Wafugaji wakubwa wakawatanguliza watu wao wanunue kwa majina yao, ilhali ardhi ni ya tajiri. Wengine walinunua vipande vya kandokando ya mito tu. Aliyeshika maji ameshika na malisho yote ya nyuma yake, kwa kuwa hakuna mkulima atakayeyataka makavu. Sheria ya 1869 ikashusha kiwango hadi ekari 320, ikamtaka mchaguaji aishi hapo na kuiendeleza ardhi kwanza. Ukishalijua hili, utaelewa kwa nini mwenye kondoo alikihitaji kiti cha bunge: malisho yake yalikuwa yanaamuliwa mle ndani.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Makala za miaka ya 1960 na 1970 husema kidogo mno juu ya wenyeji walioporwa ardhi hiyo. Wimmera ni nchi ya Wawotjobaluk, na mahakama ilitambua haki yao ya asili juu ya ardhi mwaka 2005. Habari hizo zitafute kwingine, uzisome sambamba na wasifu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na Wawotjobaluk kukosa nafasi yao.