Nimerudi kwa skeiti za spidi baada ya miaka kibao: uzoefu wangu na buti la kaboni na magurudumu ya 110

Niseme mapema hizi si zile skeiti za kuzungushia mtoto parking siku ya Jumapili. Hizi ni za spidi, buti fupi linaishia chini ya kifundo, fremu ndefu (kile kipande cha chini kinachoshika magurudumu kwa mstari mmoja), magurudumu makubwa, na breki ya nyuma hakuna kabisa. Naandika ju nilipokuwa natafuta za kununua sikuona mtu wa huku ameeleza hivi vitu vinafanyaje kazi kwa barabara zetu, maelezo yote ni ya watu wa Ulaya wenye njia za baiskeli zisizo na hata kokoto, sasa mtu wa Nairobi ukisoma hapo unabaki tu kukisia.

Jina la kampuni nalibania. Nina malalamishi mawili matatu na sitaki vita na mtu, na isitoshe setapu yenyewe ni ya kawaida, kampuni kadhaa zinaiuza: buti la kaboni la kupashwa moto, fremu ya alumini yenye mashimo ya bolti yaliyoachana milimita 195, magurudumu manne ya milimita 110 kila mguu. Ukipata yenye hizo namba, mengi nitakayosema yanakuhusu.

Mimi nimetoka enzi za magurudumu matano ya milimita 80 kwa fremu moja. Nilijifunzia pale Aga Khan Walk na parking ya Supreme Court, kwanza na za kukodi kwa saa, zile unazivaa bado zina joto la mtu aliyetoka, halafu nikapata za mtumba zangu mwenyewe nikawa sishikiki. Kisha zikaja kazi, ndoa, mtoto, goti la kushoto likaanza kelele zake, skeiti zikapanda juu ya kabati. Nilipozishusha mwaka jana plastiki ya buti ilikuwa inamomonyoka kwa mkono na magurudumu yamekauka yanateleza kwa simiti. Yurethani, ile plastiki ya magurudumu, inazeeka yenyewe hata usipoitumia, kwa hivyo kama una za zamani umezificha mahali ukidhani zinakungoja, nenda ukaziangalie leo.

Kilichonirudisha ni Bart Swings, yule Mbelgiji. Mtu ambaye ametawala magurudumu miaka na miaka, halafu Beijing 2022 akachukua dhahabu ya Olimpiki barafuni kwa mbio za mass start, zile wote wanaanza pamoja. Nikaanza kuangalia video zake za mbio za Berlin, kilomita 42 anazimaliza chini ya saa moja, na nikaona ana magurudumu ambayo mimi sijawahi hata kuyaguza. Hapo ndio nikajua mchezo umeniacha.

Na kweli umeniacha. Gurudumu la 80 likizunguka mara moja linakusogeza kama sentimita 25, la 110 linakaribia 35, la 125 linafika 39. Kwa karatasi ni kitu kidogo, kwa barabara ni kingine kabisa ju lile kubwa likishashika mwendo halitaki kuuachilia, unasukuma mara moja unakaa hapo juu ya mguu mmoja unangoja liishe na haliishi. Pia linapanda juu ya nyufa ambazo lile dogo lingekwama na kukurusha. Hasara yake ni kwamba unasimama juu zaidi kutoka chini, na kuanza kutoka kusimama ni kazi ngumu, zile hatua za kwanza unahisi unasukuma mkokoteni wa viazi mlima wa Marikiti.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza: kwa nini si 125, mbona kila mtu sai anavaa magurudumu matatu makubwa? Nilifikiria sana hapa. Fremu ya matatu ya 125 ni fupi, ekseli ya mbele na ya nyuma ziko mbali kama sentimita 25 na ushee tu, ndio maana inageuka haraka na watu wa mjini wanaipenda. Ya manne ya 110 inapita sentimita 33. Urefu huo ndio unakubeba wakati kifundo kimechoka, na kifundo cha mtu aliyekaa miaka bila kuskeiti kinachoka mapema mno. Kwa hivyo nilichagua 110 na mpaka leo naona ndio chaguo la mtu anayerudi. Kama we ni mzito ama umri umesonga unaweza hata kushuka hadi manne ya 100, uko chini zaidi, fremu nyepesi, na usisikize wasee wa kukuambia umenunua za watoto.

Hayo mashimo nayo usiyapuuze. Fremu hufungwa kwa bolti mbili, na umbali kati yao siku hizi kwa skeiti za spidi ni milimita 195, zamani ilikuwa 165. Nilitaka kuweka fremu mpya kwa buti la mtumba la rafiki yangu ili niokoe pesa, hazikuingiliana hata kwa dua. Angalia hiyo namba kabla hujalipa.

Kununua: hapa mjini sikupata za saizi yangu, nikaagiza nje. Muuzaji alinitumia kwa kuchelewa na magurudumu yaliyokuja ni magumu kuliko nilivyoagiza, niliomba ya ugumu wa 85A nikaletewa ya ugumu wa juu zaidi, nikaandika, nikajibiwa ya kwamba hayo ndio bora kwa mbio. Bora kwa mbio za nani? Kwa lami ya huku yenye kokoto, gurudumu gumu linakupelekea mtetemo wote mpaka kwa meno. Na ushuru na VAT ya asilimia 16 vikaingia juu ya bei na juu ya usafiri, mpaka nazitoa posta nilikuwa nimepita elfu 60. Hiyo ndio sehemu ya hadithi ambayo mke wangu anaikumbuka vizuri.

Ila kwa saizi nashukuru nilichukua muda. Usiende na namba ya viatu vya shule. Simama jioni, wakati miguu imevimba kidogo baada ya siku, weka kisigino ukutani juu ya karatasi, chora mstari mbele ya kidole kirefu, pima kwa milimita, miguu yote miwili. Wangu wa kulia umezidi wa kushoto. Buti la spidi halivaliwi na nafasi ya kupumulia, vidole vinatakiwa viguse mbele kabisa ukiwa wima, halafu ukikunja magoti vinarudi nyuma kidogo. Nafasi ikibaki, kisigino kinacheza, na kisigino kikicheza nguvu yako inaishia ndani ya soksi. Soksi yenyewe iwe nyembamba, watu wengine hawavai kabisa.

Zilipofika nikazivaa nikalia. Kaboni haina huruma, ina ukuta kote, na kuna mfupa wa ndani ya kifundo ulikuwa unasagwa pale pale kwa ukingo. Dawa ni kulipasha moto. Kijitabu kinasema digrii 80 kwa dakika kama 20, fremu imetolewa, oveni ya umeme. Dada yangu anaoka keki za biashara, nikaenda kwake na mabuti kwa mfuko, akaniangalia, akasema oveni yake ikinuka miguu nitaibeba niende nayo nyumbani. Haikunuka. Gundi iliyo ndani ya kaboni inalainika, unavaa buti likiwa la moto, unafunga kamba, unakunja magoti kama uko barabarani na unakaa hapo hapo bila kusimama wima mpaka lipoe, ju ukisimama litaganda na umbo la mtu anayengoja basi. Pale penye ule mfupa nilisukuma kutoka ndani kwa mpini wa kijiko cha mbao. Ilibidi nirudie mara nyingine, keki zikangoja, lakini sai limekaa, nikiingiza mguu nasikia hewa inatoka.

Bas, tukaenda barabarani. Tuna barabara mpya mtaani, lami bado nyeusi, matuta hakuna mpaka ufike getini, na asubuhi ya Jumapili magari ni ya watu wa misa ya kwanza tu. Nikasimama. Vifundo vyote viwili vikaangukia ndani. Hilo ndilo jambo hakuna anayekuambia: buti refu la zamani lilikuwa linanishikilia, na mimi nilidhani nguvu ni yangu. Hili fupi halishiki kitu, linakuachia kifundo kiwe huru ndio upate kusukuma kwa pembeni mpaka mwisho, na kama misuli haipo utatembea juu ya ukingo wa ndani wa magurudumu hadi yaishe upande mmoja. Jaribu kusogeza fremu pia, bolti zina nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Mimi nilisogeza fremu ya mguu wa kushoto kuelekea ndani milimita chache tu na mguu ukasimama wima, ikawa kama nimebadilishiwa skeiti. Kabla hujalaumu buti, cheza na hizo bolti.

Mwili unakumbuka lakini unakumbuka polepole. Kukaa chini, mgongo umelala, mkono mmoja nyuma, hiyo ilirudi siku ile ile. Kilichokataa ni kiuno na mapaja, nikikaa chini kwa dakika moja tu yanawaka, nasimama, na ukisimama wima kwa hizi skeiti upepo unakuchukua na spidi yote inakwenda. Na Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, pumzi ya mtu wa ofisini inaisha kabla ya miguu. Ile dabo pushi, mtindo aliouletea umaarufu mwanaskeiti Mmarekani Chad Hedrick miaka ya tisini, wa kuvuta mguu kwenda ndani kwanza halafu ndio unasukuma nje, hiyo mimi sijairudia. Najaribu kwa mteremko mdogo wakati hakuna anayeniona.

Breki ndio naomba mnisikize. Hakuna breki. Kuna kuburuta mguu wa nyuma kwa umbo la T, ambako kunakula gurudumu na gurudumu ni hela, na kuna kupanua miguu na kugeuza vidole ndani, ambako kwa fremu ndefu kunahitaji nafasi ambayo boda haikuachii. Hizi zinakimbia kabla hujajua zinakimbia. Vijana wa kushika matatu nyuma Thika Road tumewaona, wengine hatuwaoni tena. Mimi helmeti, pedi za magoti na za viganja, na mteremko wowote ambao sioni mwisho wake nauteremka kwa miguu nikiwa nimebeba skeiti mkononi, watu wacheke.

Kabro ni adui. Kwa 80 kabro ilikuwa haiwezekani, kwa 110 inawezekana lakini ndani ya buti la kaboni kila tofali linajitambulisha kwa jina. Njia nyingi mpya za waenda kwa miguu ni kabro, kwa hivyo usiote kwamba utaenda nazo kazini.

Vumbi nalo linaingia kwa beringi. Hapa magurudumu machache yana faida, manne kwa matano ni beringi 16 za kusafisha badala ya 20. Saizi ni ile ile 608 ya siku zote, ndani milimita 8, nje 22, kwa hivyo nilihamisha zile nzuri kutoka kwa skeiti za zamani na zimekubali. Nazifungua, natoa kifuniko kwa sindano, nazitikisa ndani ya chupa na mafuta ya taa, zinakauka, tone moja la oili ya cherehani. Zile zilizokuja na skeiti zimeandikwa ABEC 9, na sioni zinazidi nini zangu za zamani za 5, ju hiyo namba ni ya usahihi wa kiwandani, vumbi la Eastlands haijui.

Kwa hivyo je, ninunue? Kama umewahi kuskeiti kwa nguvu, unajua kusimama, una barabara ya lami karibu na asubuhi za bure, nunua, na pesa nyingi iende kwa buti, fremu na magurudumu ya kawaida yanatosha mwaka wa kwanza. Kama ndio unaanza kabisa, nenda mjini Jumapili ukodi zile za kawaida zenye buti refu na breki, jifunze kusimama kwanza. Mimi nawapa nyota nne kwa tano. Buti na mwendo ni tano kamili, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya magurudumu ambayo sikuagiza, nimeshayauzia kijana mmoja anayekimbia ndani ya ukumbi na nikachukua 85A, meno yametulia.

Ah na kamba zilizokuja nazo ni za ovyo, moja imekatika nikiivuta tu, nimeweka za mabuti ya kazi, bob 50 kwa wachuuzi wa Tom Mboya, na hazijalegea.